Jengo kubwa Manibe: tuulizwe kabla ya msingi

Tangu Arua ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, viwanja vya kando ya barabara ya Koboko vinagombaniwa. Mtaani kwetu Manibe vigingi vimekwisha kupigwa, na tunaambiwa litasimama jengo la ghorofa nne: maghala chini, vyumba vya wageni juu. Pande zote ni nyumba za watu, visima na njia ya watoto wa shule.

Niseme wazi kwamba sipingi maendeleo. Wenzetu wanaovuka Vurra na Oraba wanahitaji mahali pakavu pa kuweka simsim, sabuni na vitenge. Aliyewahi kukesha na mzigo chini ya turubai kule Ariwara anajua thamani ya ghala. Lakini ghala huleta malori ya usiku, na vyumba vingi huleta vyoo vingi. Malori yatageuzia wapi? Maji machafu yataelekea kisima cha nani? Mpaka leo hakuna aliyetujibu, maana hakuna aliyetuita.

Wanaosema sisi ni wakorofi wasahau hilo. Wengi wetu tulikimbizwa na vita vya 1979 na miaka iliyofuata, tukalelewa Zaire na Sudan. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma upande wa Aru. Tuliporudi, nyumba zilikuwa vichaka, na wazee walituonyesha mipaka kwa makaburi na miti. Wengi hatuna hati. Ardhi yetu ni ya kimila, na Katiba ya 1995 pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinaitambua. Kwa hali hiyo, shahidi wa mpaka wako ni jirani yako. Jengo likipandishwa bila jirani kuitwa, ugomvi wa ukoo umeshapandwa.

Pia kuna suala la roho za watu. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu 36. Iliripotiwa kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10 tu. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la maduka lilianguka Kariakoo, katika jiji hilo hilo, wakafa zaidi ya watu 20. Hawa walikuwa watafutaji kama ninyi wa mpakani. Ukuta ukianguka hauulizi mwenye kiwanja ni nani.

Sheria tunazo. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 ilitangaza Uganda nzima, mjini na kijijini, kuwa eneo la mipango. Hakuna ujenzi bila ruhusa ya kamati inayohusika. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inadai kibali kabla ya kujenga na kibali kingine kabla ya watu kuingia. Kwa hiyo muhuri wa mwenyekiti wa LC1 kwenye karatasi ya mauzo si ruhusa ya kujenga ghorofa.

Tunachoomba si kikubwa. Mwenyekiti aitishe mkutano. Mwenye mradi alete ramani na kibali, tuvione. Mhandisi wa jiji atueleze idadi ya ghorofa, mahali pa vyoo na njia ya malori. Mipaka ikaguliwe majirani wakiwepo, na yaliyokubaliwa yaandikwe, watu watie sahihi. Tukikubali, tukubali tukiwa tumeona. Tukikataa, tukatae kwa hoja.

Nanyi ndugu mliorudi, msingoje tingatinga lifike ndipo mkimbilie redioni. Nendeni ofisi ya mipango ya jiji wiki hii, mkaulize. Zege likishamwagwa kwenye msingi, hata mwenye haki husikilizwa akiwa amechelewa.