Amana Iliyo Mlangoni Petu

Ukiliandika jina "Rubondo" kwenye intaneti, utaletewa kwanza kisiwa cha Tanzania kilichomo katika Ziwa Victoria, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Utaona picha za tembo, nzohe na tai wavuvi. Rubondo yetu, iliyo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, haijulikani kwa wanyama. Watu wakiitaja, hutaja mahema na foleni za chakula. Ndiyo maana wengi wetu tumeamini kwamba hifadhi na wanyamapori ni mambo ya Rubondo ile nyingine.

Imani hiyo si sahihi. Makazi haya yako kandokando ya Ziwa Nakivale. Ziwa hilo, pamoja na Ziwa Mburo na vinamasi vinavyohusiana nayo, liliorodheshwa mwaka 2006 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971. Kwa hiyo, mtoto anayechota maji Nakivale anachota katika eneo ambalo Uganda imeahidi mbele ya mataifa kwamba italitunza.

Kila mwaka ziko shule zinazokusanya fedha ili wanafunzi wapande basi kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1983. Huko huwaona pundamilia, nyati, nyamera na swala pala. Siipingi safari hiyo. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulichukia eneo ambako mwanafunzi anaweza kumwona swala pala kwa macho yake, kisha akaambiwa kwamba Waganda humwita mnyama huyo empala, na kwamba jina la Kampala limetokana na kilima walichokuwa wakilisha wanyama hao. Ninachokipinga ni mazoea ya kuamini kwamba asiye na nauli ya basi hana cha kutembelea.

Jumamosi moja nilitoka Rubondo na wanafunzi wachache tukaenda ufuoni mwa ziwa. Hatukulipa kiingilio. Kabla hatujafika, niliwauliza mahali tunapokwenda panaitwaje. Mmoja alisema "matope". Mwingine, aliyezaliwa Kongo, alisema "potopoto". Niliwafundisha maneno matatu: ardhi oevu, kinamasi na mafunjo. Niliwaambia kwamba mtu anayeliita eneo matope hataona ubaya wa kulikausha. Mafunjo huyapunguzia mwendo maji ya mvua, hunasa udongo unaoteremka kutoka vilimani na huwapa samaki mahali pa kuzalia. Kinamasi nacho huyaweka maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Anayekikausha anamwaga akiba yake.

Tulipofika, wanafunzi walinyamaza, kisha mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, ndege wa bendera!" Walikuwapo korongo taji wawili wakitembea kwenye majani mafupi. Wanafunzi wale wamemchora ndege huyo mara nyingi darasani, kwa maana yumo katika bendera ya Uganda tangu mwaka 1962, lakini wengi walikuwa hawajamwona akiwa hai. Niliwaeleza kwamba yeye hujenga kiota chake katika vinamasi, na kwamba kimataifa amehesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka, hasa kwa sababu vinamasi hivyo vinageuzwa kuwa mashamba. Nikaonyesha kwa kidole sehemu iliyokuwa karibu, ambako mafunjo yalikuwa yamechomwa na mahindi yamepandwa hadi penye maji.

Msichana mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, shamba lile ni la mama yangu."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitaki kukupa wewe msomaji jibu jepesi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Uganda iliwapa wakimbizi jembe na kipande cha ardhi, nao wakalima. Lakini watu wameongezeka, vipande vimepungua ukubwa, na tangu mwaka 2020 mgawo wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja. Walisema pia kwamba mwenye njaa hana miiko. Mama yule hakuchoma mafunjo kwa kulichukia ziwa. Aliyaona majani yasiyo na mwenyewe kando ya udongo wenye unyevu, na nyumbani ana watoto wanaotaka kula.

Hata hivyo, majani yale yana mwenyewe. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba maziwa, mito na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa ajili ya wananchi wote. Kiswahili kina neno linalofaa hapa: amana, yaani kitu ulichokabidhiwa ukitunze bila kukimiliki. Kuna watakaosema kwamba mkimbizi si mwananchi, hivyo amana hiyo haimhusu. Mimi nasema inamhusu, kwa kuwa maji yanayosafishwa na kusambazwa katika makazi haya hutoka katika ziwa hilohilo. Ziwa likijaa udongo, mabomba hayatauliza nani raia na nani mgeni. Na shamba la ufuoni halina amani: kiboko hutoka majini usiku kutafuta malisho, na mahindi yaliyopandwa kwenye njia yake ni karamu kwake na hatari kwa mlinzi wa shamba.

Haki inadai tutazame juu pia. Mto Rwizi, unaolilisha eneo hili la maziwa, huanzia katika vilima vya Buhweju na kupita katikati ya jiji la Mbarara kabla ya kutufikia. Njiani vinamasi vyake hukaushwa kwa malisho na mashamba, kingo zake huchimbwa mchanga na udongo wa matofali, na taka za jiji huingia humo. Si haki mwenye ng'ombe wengi na mwenye tanuri la matofali waachwe, halafu alaumiwe mama mwenye mistari minne ya mahindi. Sheria ikianzia kwa mnyonge na kuishia kwake, watu wataichukia sheria pamoja na ziwa lenyewe.

Basi, tufanye nini? Kwanza, nenda ukalione ziwa, kwa sababu ni vigumu kukitetea kitu usichokijua. Pili, jifunze majina ya unavyoviona na uwafundishe wadogo zako. Tatu, zungumzeni katika kamati za ustawi wa wakimbizi na katika mabaraza ya vijiji vya wenyeji, mkiomba mambo mawili kwa pamoja: mpaka wa ufuo uwekewe alama, na anayetolewa ufuoni apewe mahali pengine pa kulima. Kuomba la kwanza bila la pili ni kumfukuza mkimbizi mara ya pili.

Nilimwambia msichana yule amsalimie mama yake, na amwalike aje nasi safari ijayo. Nawe pia nakualika.