Forodhani Tusiseme Uongo

Ndugu zetu katika imani, wapo wasafiri wanaorejea Marekani na sigara nene za Kuba walizonunua London au Geneva. Hubandua utepe wa karatasi wenye jina la mtengenezaji, wakavisha wa nchi nyingine, ili afisa wa forodha asizitambue.

Wao hudai kuwa sheria yenyewe haina haki. Februari 1962 Rais John F. Kennedy aliiwekea Kuba vikwazo vya biashara. Msemaji wake, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kuwa kabla ya kutia saini, rais alimtuma amtafutie sigara 1,000, naye akaleta 1,200. Mwaka 2016 wasafiri waliruhusiwa kuingia nazo kwa matumizi yao. Septemba 2020 ruhusa hiyo ikaondolewa, hata kwa zilizonunuliwa nje ya Kuba.

Sisi hatuvitetei vikwazo hivyo. Tumbaku nayo, wanazuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha kwa madhara yake. Lakini tuseme sheria ni mbovu: je, ubovu wake unahalalisha uongo? Ajazaye fomu ya forodha anatoa ushahidi, na aingiaye nchi ya watu kwa idhini yao amefunga nao ahadi. Mtoto aliyesimama foleni pamoja na baba yake anasikia swali, na anasikia jibu.

Basi zawadi isiyotajika mbele ya afisa na iachwe dukani. Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli, safarini na majumbani. Amin.