Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Nani Amefungiwa Nje?



Kila mwaka, mwezi wa Juni, waigizaji wa jukwaani wa jiji la New York, nchini Marekani, hukusanyika kupokea Tuzo za Tony. Tuzo hizo zilianzishwa mwaka 1947 kwa kumbukumbu ya Antoinette Perry, mwigizaji na mwongozaji wa michezo aliyefariki mwaka uliotangulia, nazo huhesabiwa kuwa heshima kubwa kuliko zote katika kazi hiyo nchini humo. Na mara kwa mara, pazia likishafungwa, huzuka ubishi ule ule. Je, zimetolewa kwa haki? Weusi wamepata ngapi? Waasia je? Walemavu je?

Huenda mtu akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi tunaohangaika na karo za watoto na bei ya mbolea? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, jukwaa ni mahali ambapo jamii hujionyesha nani ni mtu kamili, awezaye kupenda, kukosa, kutubu na kuliliwa. Anayenyimwa jukwaa amenyimwa kuonekana katika utu wake. Pili, visingizio vinavyotumika kule ndivyo tunavyovitumia sisi tunapogawa kazi, nafasi za masomo na uongozi. Tukivitambua kwa jirani, hatutashindwa kuvitambua nyumbani.

Hoja ya chanda chema

Wanaozitetea tuzo hizo husema: chanda chema huvikwa pete. Jaji asitazame rangi, kabila wala jinsi mtu alivyoumbwa. Atazame kipaji tu. Wakihesabiwa washindi kwa rangi zao, sanaa imekwisha.

Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo twaikubali bila kusita. Tuzo inayotolewa kwa kuhurumia ni tusi lililofungwa utepe. Mwigizaji hodari hataki sadaka; anataka kupimwa kwa kazi yake. Wale wanaodai tuzo zigawanywe kwa mafungu, fungu hili la hawa na fungu lile la wale, wanamdhalilisha mtu yule yule wanayedhani wanamtetea.

Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo ni udanganyifu. Jaji huviona vyanda vilivyoletwa mezani tu. Kwa kanuni za Tuzo za Tony, michezo inayofikiriwa ni ile tu iliyoonyeshwa katika kumbi za Broadway, nazo ni 41. Kabla mwigizaji hajafika mbele ya jaji, yuko mtunzi aliyeamua mhusika awe nani, yuko mwenye fedha aliyeamua mchezo upi ugharimiwe, yuko mwongozaji aliyeamua nani aitwe kujaribiwa. Milango hiyo yote mitatu iko nyuma ya jaji, hata kama moyo wake ni safi kama maji ya chemchemi. Wahenga walisema pia: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hizi mbili hazina budi kusomwa pamoja.

Historia inasema nini

Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Tony alikuwa Juanita Hall, mwaka 1950, katika igizo la muziki liitwalo South Pacific. Nafasi aliyoigiza haikuwa ya mwanamke Mweusi. Ilikuwa ya mama wa Kiasia, mchuuzi wa visiwani. Mnyonge mmoja aliingia kwa mlango uliokuwa wa mnyonge mwingine, na hesabu ya washindi haiwezi kutuonyesha jambo hilo.

Mwaka 1959 ilipandishwa Broadway tamthilia ya Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, ya kwanza ya mwanamke Mweusi kuonyeshwa huko. Claudia McNeil, aliyeigiza mama wa familia, Lena Younger, aliteuliwa kugombea tuzo mwaka 1960 lakini hakushinda. Tamthilia hiyo iliporudishwa jukwaani mwaka 2004, Phylicia Rashad aliigiza nafasi ile ile, akashinda. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia isiyo ya muziki. Ilikuwa imepita miaka 57 tangu tuzo kuanzishwa.

Hatusemi kwamba majaji wa mwaka 1960 walikuwa na chuki. Hatukuwamo mioyoni mwao. Swali letu ni jingine. Katika miaka hiyo yote, ni nafasi ngapi za mwanamke Mweusi zenye uzito wa Lena Younger zilizoandikwa, zikagharimiwa, zikafikishwa Broadway? Mwigizaji hawezi kushinda kwa nafasi ambayo haikuandikwa.

Mfano wa kinyume watoka barani kwetu. Mwaka 1975, John Kani na Winston Ntshona kutoka Afrika Kusini walipewa kwa pamoja tuzo ya mwigizaji mkuu wa kiume, kwa michezo ya Sizwe Banzi Is Dead na The Island. Hawakungoja kuandikiwa nafasi. Waliitunga michezo hiyo wao wenyewe pamoja na Athol Fugard, chini ya utawala wa makaburu. Hata hivyo, pete haikuwakinga. Mwaka 1976, baada ya kuonyesha Sizwe katika Transkei, walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Waliopigiwa makofi New York walifungiwa mlango nyumbani kwao.

Ndipo ukaja mwaka 2016. Katika mwaka ambao Tuzo za Oscar za filamu zililaumiwa kwa kuteua waigizaji Wazungu watupu kwa mara ya pili mfululizo, tuzo zote nne za uigizaji katika michezo ya muziki ya Tony zilichukuliwa na Weusi: Leslie Odom Jr., Daveed Diggs, Renée Elise Goldsberry na Cynthia Erivo. Msimu huo huo, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, aliteuliwa kugombea kwa uigizaji wake katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira aliyelelewa Zimbabwe. Wengi walishangilia kwamba ubaguzi umekwisha katika tamthilia.

Nasi twafurahi pamoja na walioshinda. Lakini tuhesabu vizuri. Washindi watatu kati ya wale wanne walitoka katika igizo moja, Hamilton; wa nne alitoka katika The Color Purple. Maigizo mawili, tuzo nne. Je, majaji waliongoka ghafla? La hasha. Milango miwili ilifunguliwa wazi, na waliokuwa wamesubiri nje kwa uhodari wao wakaingia. Huo ndio ushahidi wetu mkubwa: tuzo hufuata nafasi. Milango hiyo ikifungwa msimu unaofuata, mavuno nayo yatakauka.

Kondoo mmoja wa maskini

Upo ubishi mmoja ambao umedumu zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1989 igizo la muziki Miss Saigon lilianza London, na nafasi ya chotara wa Kifaransa na Kivietinamu akapewa Jonathan Pryce, Mzungu, akibandikwa vibandiko machoni na kupakwa rangi usoni. Mwaka 1990, igizo lilipotaka kuhamia New York, waigizaji wenye asili ya Asia walipinga, akiwemo B.D. Wong aliyekuwa ameshinda Tony mwaka 1988. Chama cha waigizaji kilimkatalia Pryce ruhusa. Mtayarishaji alifuta maonyesho yote, na baada ya siku chache chama kikageuza uamuzi. Mwaka 1991 Pryce alishinda tuzo. Katika igizo hilo hilo alishinda pia Lea Salonga wa Ufilipino.

Watetezi wa mtayarishaji waliuliza: ikiwa Mweusi aweza kuigiza mwana wa mfalme wa Denmark, kwa nini Mzungu asiigize Mwasia? Swali hili hulaghai kwa kuonekana la usawa. Waamini wanaikumbuka habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo, aliyemchinjia mgeni wake kondoo mmoja wa maskini. Kosa la tajiri yule halikuwa kula nyama. Kosa lilikuwa kwamba zizi lake lilikuwa limejaa. Mwenye nafasi mia anapoazimwa moja hamdhulumu mtu. Mwenye nafasi moja akinyang'anywa, amebaki mikono mitupu.

Wala jambo hili halikuishia huko. Mwezi wa Juni 2025, Francis Jue alishinda tuzo kwa uigizaji wake katika Yellow Face, tamthilia ya David Henry Hwang iliyozaliwa na ugomvi ule wa Miss Saigon. Usiku huo huo Darren Criss, ambaye mama yake ni Mfilipino, alishinda kwa Maybe Happy Ending, igizo lenye kisa cha roboti wawili katika jiji la Seoul. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba nafasi ya Criss ingeshikwa kwa wiki tisa na mwigizaji Mzungu. B.D. Wong, sasa akiwa mzee wa kazi hiyo, alilazimika kupaza sauti tena. Walijibiwa kwamba roboti hana kabila. Ni kweli, roboti hana kabila. Lakini mwigizaji anaye, na mlango uliofunguliwa Juni ulisukumwa kufungwa Julai, wakati makofi ya tuzo hayajapoa.

Mwenye nyumba ni nani?

Aliyeliona jambo hili kwa upeo wa mbali alikuwa August Wilson, mtunzi wa Fences. Mwezi wa Juni 1996, akihutubia wakuu wa tamthilia huko Princeton, aliwakumbusha kwamba kati ya kumbi 66 za muungano wao, moja tu ndiyo iliyokuwa ya Weusi. Hakuomba Weusi wavishwe nafasi za Wazungu, alizikataa. Aliuliza nyumba ni za nani. Mhakiki Robert Brustein alimpinga hadharani, na Januari 1997 walijadiliana ana kwa ana mjini New York. Brustein alishikilia kwamba sanaa ipimwe kwa ubora wake, si kwa rangi ya aliyeitoa. Si neno la kupuuzwa. Lakini mizani hata ikiwa sahihi, ikiwa ghalani mwa mtu mmoja, mazao ya wengine hayatafika kupimwa.

Mwaka 2019 ukweli huu ulionekana kwa macho ya kawaida. Ali Stroker alikuwa mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kushinda Tony. Baada ya kuipokea tuzo, aliwasihi wenye kumbi wazifanye sehemu za nyuma ya jukwaa zifikike kwa walemavu. Watazamaji walikuwa wamekwisha kufikiriwa. Aliyesahauliwa ni mlemavu anayekuja kufanya kazi. Pete ilikuwapo, ila njia ya kuifikia haikujengwa.

Msimamo wetu

Twasema basi kwa uwazi. Haki ya tuzo haianzi usiku wa tuzo. Majaji wasilaumiwe peke yao, wala wasitumiwe kama sabuni ya kuosha mikono ya wenye fedha na wenye kumbi. Anayetaka kujua kama shindano ni la haki asiulize kwanza nani ameshinda. Aulize nani aliitwa, nani aligharimiwa, nani alipata njia ya kuingia.

Na kipimo hicho tukigeuze kwetu. Katika michezo ya Noeli na mashindano ya vigango, mara ngapi mtoto mlemavu hupewa kushika pazia? Mara ngapi lafudhi ya kabila dogo huandikiwa mhusika wa kuchekwa, na mwenye ngozi nyeupe zaidi akawa malaika? Kisha twatoa zawadi, twapiga makofi, twasema mshindi amestahili. Amestahili, ndiyo. Lakini wengine hatukuwaona.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika mashindano ya parokia yetu, nani huamua mchezo upi uigizwe na nani aigize?

2. Ni akina nani hawajawahi kupewa nafasi kubwa, na ni mlango upi uliowazuia?

3. Kabla ya shindano lijalo, ni mlango upi mmoja ambao Jumuiya yetu yaweza kuufungua?