Namba Isiyohama

Mwezi huu tunaomba tuweke kando habari za uji wa watoto na chanjo, tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa kulitazama tu litaonekana si la nesi: namna ya kuandika anwani na namba ili mtu aweze kupatikana leo, mwakani, na hata baada ya miaka kumi. Mkisoma mtaona kwa nini limetukaa moyoni.

Hapa Jang'ombe, sisi akina mama wachache wa kanisani tuna desturi ya kuwatembelea wazazi waliojifungua. Hatuulizi dini. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na mtoto mchanga akipanda homa, homa hiyo haina msikiti wala kanisa. Siku moja tuliombwa tumwangalie mama aliyejifungua siku tatu nyuma. Alipokuwa mjamzito shinikizo la damu lilimpanda, na aliporuhusiwa kwenda nyumbani aliambiwa arudi siku ya tatu kupimwa. Hakurudi. Tukapewa kikaratasi: "Jang'ombe, nyuma ya duka la Mpemba, mlango wa kijani."

Msomaji wa Unguja ameshacheka. Maduka ya Wapemba tuliyapita manne, na tulikuwa bado katika njia ile ile moja. La tano lilikuwa limeuzwa na kugeuzwa saluni. Milango ya kijani tuliiona miwili, na wenyeji wa nyumba zote mbili hawakuwa na mzazi. Hatimaye mtoto mmoja aliyekuwa anatoka chuoni akatuambia kwamba mlango tunaoutafuta ulipakwa rangi ya maziwa kwa ajili ya Idi. Tukabisha hodi. Mzazi hakuwapo! Ilikuwa mimba yake ya kwanza, naye, kama ilivyo desturi, alikwenda kwa mama yake kukaa arobaini, huko Kwaalinatoo. Kile kikaratasi kilikuwa kinaeleza nyumba ya mumewe.

Tulimkuta jua linakaribia kuzama, amelala chumba cha giza, amejifunga kanga kichwani. "Ni kichwa tu, dada nesi, na macho yananifanyia ukungu," alisema. Mama yake alidhani ni uchovu wa kukesha na mtoto. Tukampima: 170 kwa 110. Tukaita teksi, tukampeleka hospitali, akatiwa dawa usiku ule ule. Alipona. Lakini tangu saa nane mchana mpaka magharibi mwanamke yule alikuwa karibu na kifafa cha uzazi, na sisi tulikuwa tunahesabu maduka.

Hapa tuseme neno moja la kazi yetu kabla ya kuendelea. Wengi hudhani shinikizo la damu la mimba huisha kondo likishatoka. Si hivyo. Linaweza kubaki, au hata kuanza upya, katika wiki sita baada ya kujifungua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi ni cha kurudi kliniki siku hiyo hiyo. Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, ni ya kwenda hospitali hata kama ni usiku wa manane. Arobaini ni desturi njema, kwa maana mama hupumzika na kupikiwa, lakini isiwe sababu ya kumficha mzazi na mizani ya nesi.

Basi, baada ya siku ile tulikaa chini na daftari letu la kutembelea wazazi. Tulitaka kulipanga upya. Mtu akisikia anaweza kusema ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua majumaa matatu, na palikuwa na maneno.

Mwenzetu mmoja alitaka wazazi wapangwe kwa majina. Tukamwonyesha kurasa za nyuma: akina Fatma Ali walikuwa watano, na Maryam Juma wawili walizaa mwezi mmoja. Tena kati yetu mwanamke ana jina lake la cheti na ana jina la mtaani. Aliyeandikwa Asha kliniki, nyumbani kwao anaitwa Mama Saidi, na mtoto wa pili akifa au akizaliwa mwenye jina zito, huenda akaitwa jina jingine. Mwingine alitaka kupanga kwa shehia: Jang'ombe peke yao, Urusi peke yao, Matarumbeta peke yao. Likaonekana zuri, mpaka tukakumbuka yule mzazi wa arobaini. Mwanamke ndiye anayehama kuliko watu wote. Huhama akiolewa, huhama akijifungua, huhama akiachwa, huhama kodi ikipanda. Ukimpangia ukurasa kwa shehia, akivuka njia tu umempoteza.

Wa tatu alipendekeza namba zinazoanza moja kila Januari. Hizo tulizizoea kazini. Ubaya wake ni kwamba kila mwaka una namba 14 yake, na mtu akisahau kuandika mwaka, wanawake wawili wanakuwa mmoja. Tumewahi kuona majalada mawili yamefungwa kwa kamba moja kwa kosa kama hilo, damu ya mmoja ikiwa kundi A na ya mwingine kundi O. Lilionekana mapema, ahsante Mungu.

Na palikuwa na pendekezo la nne, ambalo tulilikataa kwa sauti kubwa. Mtu alisema tutie herufi mbele ya namba, ili tukiiona tu tujue huyu ana presha, huyu ana kisukari, huyu yuko kwenye dawa za virusi. Akina mama, mtaa una macho. Herufi ya siri hudumu kuwa siri wiki mbili, kisha hata mtoto anayetumwa kununua chumvi anajua maana yake. Tena ugonjwa unaweza kupona wakati herufi imebaki. Namba ya mtu isiseme habari zake.

Mwisho tulikubaliana na namba kavu: moja, mbili, tatu, kwenda mbele, bila kurudi nyuma mwaka ukigeuka. Mzazi akifariki au akihama kisiwa, namba yake hapewi mwingine. Haitaji mtaa, mume, ugonjwa wala mwaka, na kwa kuwa haisemi kitu, hakuna kitakachotokea kikaifanya kuwa ya uongo. Mambo mengine yote, yaani jina la cheti, jina la mtaani, nyumba, simu, na nyumba ya mama yake mzazi, yanaandikwa ndani ya ukurasa, kwa maana hayo ndiyo yanayobadilika. Yakibadilika hatufuti. Tulifundishwa chuoni kwamba kosa katika karatasi ya mgonjwa halikwanguliwi wala halipakwi wino. Linapigwa mstari mmoja, linabaki likisomeka, na pembeni unatia tarehe na sahihi. Basi na nyumba ya zamani tunaipiga mstari mmoja na kuandika: "Amehamia pale." Anayekuja na karatasi ya zamani bado ataongozwa mpaka mahali papya. Jambo hili ndilo wengi wanalolisahau. Wakibadilisha mpango wanachana wa zamani, kisha wanashangaa watu wanapotea.

Mji wetu wenyewe unatufundisha hayo. Aendaye sokoni anasema anakwenda Darajani, wala hauoni daraja lolote pale. Zamani mkono wa bahari uliingia kati, upande mmoja Mji Mkongwe, upande wa pili sisi, ndiyo maana tukaitwa watu wa Ng'ambo. Ulifukiwa kidogo kidogo, na katikati ya karne ya 20 ukawa umekwisha. Daraja limekwenda, maji yamekwenda, majina yamebaki, na hakuna anayepotea. Barabara inayopita pale imeitwa Creek Road, na sasa jina lake rasmi ni Benjamin Mkapa. Ukimwambia mzee mojawapo ya majina hayo pengine atafikiri kwanza, lakini Darajani anaijua.

Hospitali ya Mnazi Mmoja nayo ni mfano, na huu umewahi kumliza mtu. Kabla ya Mapinduzi ya 1964 ilijulikana kwa jina la Karimjee Jivanjee. Baada ya Mapinduzi ikaitwa V. I. Lenin. Baadaye ikawa Mnazi Mmoja. Nyumba ni ile ile, na kuna mama ana makaratasi ya nyumba ile yenye jina la Lenin. Jirani yetu mmoja alipeleka cheti cha namna hiyo katika ofisi fulani, na kijana aliyekaa mezani akamwuliza alizaliwa nchi gani! Alirudi nyumbani akilia. Hatumlaumu sana kijana, hakuwa amezaliwa. Lakini kama mahali pale pangekuwa na karatasi moja ukutani yenye majina yote matatu, mama wa watu asingerudishwa.

Sasa mtauliza, na zile namba za nyumba? Februari 2022 Serikali ilizindua kazi ya anwani za makazi nchi nzima, Bara na Visiwani, ili iwahi kabla ya Sensa ya Agosti 23 mwaka ule. Njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila shehia ina postikodi yake ya tarakimu 5; za Zanzibar huanza na 7. Twawasihi mzijue. Akina mama wengi tuliowauliza wanajua bei ya unga kwa kila duka lakini namba iliyo juu ya mlango wao hawajapata kuisoma. Inakaririwa kwa dakika moja. Watoto wa skuli ndio wa kwanza kufundishwa. Hata hivyo kumbukeni kwamba namba ya nyumba ni ya nyumba, si yenu. Majirani zetu wa Kwahani waliona nyumba za zamani zikibomolewa na majumba ya ghorofa yakisimama mahali pake.

Simu pia si ya kutegemewa peke yake. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na namba yako, na hilo ni jema. Lakini namba isiyotumika muda mrefu hufungwa, na baadaye hupewa mtu mwingine. Tumewahi kupiga kumkumbusha mama siku ya majibu yake, akapokea mwanamume tusiyemjua. Tangu hapo hatutaji neno la hospitali mpaka tumesikia jina la mwenyewe.

Na namba ya NIDA? Hiyo haihami, ni yako mpaka kufa, lakini inasema jambo moja. Ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki, ndiyo, lakini yaweza kuandikwa vibaya, na ikiandikwa vibaya kosa linaingia ndani ya namba yenyewe. Kwa hiyo kabla binti yenu hajakwenda kuandikishwa, wekeni cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli na kitambulisho chake cha Mzanzibari mezani pamoja, msome tarehe moja baada ya nyingine kwa sauti. Kazi ya kurekebisha baadaye ni nauli na machozi.

Nyumbani fanyeni hivi. Chukueni daftari moja la jalada gumu. Kila mtu wa nyumba apate ukurasa na namba yake, baba, mama na watoto, na atakayezaliwa apewe inayofuata. Ndani muandike namba za vyeti, namba ya kadi ya kliniki, kundi la damu, dawa inayomdhuru, na mzazi aandike wapi atakaa arobaini. Mkwe wenu ajue daftari linakaa wapi. Lisiwe kabatini lenye ufunguo ambao baba amekwenda nao shamba.

Yule mama wa mlango wa kijani ni namba 37 katika daftari letu. Tangu siku ile amehama mara mbili, na sasa yuko Fuoni. Ukurasa wake una mistari miwili na tarehe mbili. Mwezi uliopita alikuja tena, ana mimba ya miezi mitano. Hakutaja jina. Alisema, "Mimi thelathini na saba," akakaa kwenye benchi akanyoosha mkono apimwe.