Mafua Yakiingia Shuleni Kesho, Nani Atajua?



Hebu kumbuka ulikuwa wapi Jumapili ya Machi 15, 2020. Siku mbili kabla, Ijumaa, Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Kenya. Jumapili ile Rais Uhuru Kenyatta akasimama mbele ya kamera na kusema shule zifungwe. Watoto walifurahia. Walidhani ni likizo ya wiki mbili.

Oktoba 12 wakarudi Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 pekee. Wengine wote walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya miezi tisa.

Wakati huo nilikuwa nasomesha madrasa jioni mtaani kwetu. Kulikuwa na kijana mmoja wa Darasa la 7, hesabu alikuwa anazishika kuliko mimi mwalimu wake. Shule zilipofunguliwa alikuwa tayari ni makanga, ananing'inia mlangoni kwa matatu, na pesa anapeleka nyumbani kwa mamake. Nilimfuata mara mbili tatu nikimwambia arudi. Aliniambia, "Ustadh, nikirudi, nani atanunua unga?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Nakukumbusha haya kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja. Lini, hakuna ajuaye isipokuwa Mwenyezi Mungu. Lakini wanasayansi wanaofuatilia magonjwa wana mmoja wanaouogopa kuliko mengi: influenza, yaani mafua makali. Si yale ya kupiga chafya siku mbili ukapona kwa chai ya tangawizi. Ni virusi vya mafua vikibadilika ghafla, vikawa vipya kabisa kwa miili yetu, kisha vikaanza kusambaa kutoka mtu hadi mtu.

Na si hadithi. Mwaka 1918 mafua ya namna hiyo yaliizunguka dunia na inakadiriwa yaliua watu milioni 50. Mombasa yaliingia Septemba mwaka huo, kupitia bandarini, kisha yakapanda bara. Mwaka 2009 yakaja mengine, yale watu waliyaita homa ya nguruwe. Mgonjwa wa kwanza Kenya alithibitishwa Kisumu mwezi Juni, naye alikuwa mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Na sasa kuna homa ya ndege. Mwaka 2017 ilipatikana Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya ikafunga mpaka kwa kuku wa kutoka huko. Mwaka 2024 iligunduliwa kwa ng'ombe wa maziwa kule Marekani. Aina ya H5N1 haijajua bado kusambaa vizuri kati ya binadamu, lakini tangu 2003 imethibitishwa kwa watu zaidi ya 900, na karibu nusu yao walifariki.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo inapokuhusu wewe kijana. Korona iliwapiga zaidi wazee. Tukazoea kusema, "Sisi vijana hatuna neno." Mafua hayafuati sheria hiyo. Yale ya 1918 yaliua sana watu wa miaka 20 hadi 40. Ya 2009 yaliwashika zaidi watoto na vijana. Na mtoto wa shule ndiye msambazaji mkubwa wa mafua: anayapata darasani, anayaleta nyumbani kwa nyanya na kwa mtoto mchanga, na hubaki na virusi siku nyingi kuliko mtu mzima. Halafu mafua yana haraka. Ukiambukizwa leo, kesho kutwa unaweza kuwa kitandani, na siku moja kabla ya kuumwa tayari unawaambukiza wenzako.

"Si kutakuwa na chanjo?" Itakuwepo inshallah. Lakini chanjo ya mafua mapya huchukua kama miezi sita kutengenezwa, tena hiyo ni kwa wenye viwanda. Uingereza ilianza kuchanja watu wake dhidi ya Korona Desemba 8, 2020. Shehena ya kwanza ilitua Nairobi Machi 3, 2021, dozi milioni moja na kidogo kwa nchi nzima. Kwa hivyo miezi ya mwanzo, hata mwaka, kinga yetu ni ile tutakayokuwa tumeiweka wenyewe shuleni kabla. Maji. Sabuni. Dirisha lililo wazi. Mtoto mgonjwa kubaki nyumbani. Na daftari.

Naam, daftari la mahudhurio. Nitalirudia.

Mwaka jana tuliingia shule moja ya msingi ya serikali, sisi vijana wanne, kwa shughuli nyingine kabisa. Uani kulikuwa na tanki jeusi, zuri, limeandikwa ubavuni osha mikono. Nikafungua mfereji. Hakuna kitu. Mwalimu mmoja akacheka: "Hilo lilikuja wakati wa Korona. Mfereji ulivunjika, maji yakakatwa, sasa ndani tunaweka mifagio." Kaniambia bila hata kuona haya, na simlaumu. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Nikaomba kuona daftari la mahudhurio la darasa lake. Lilijazwa vizuri, nampa haki yake. Siku moja watoto kumi na mmoja hawakufika. Nikamuuliza walikuwa na nini. "Sijui. Wengine walikuwa wagonjwa nadhani." Hiyo habari ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Iliandikwa alama kumi na moja, daftari likafungwa.

Ndugu yangu, hapo ndipo shida yetu ilipo. Kenya ina maabara zinazopima mafua, na kuna hospitali zinazochukua sampuli za wagonjwa kila wiki. Lakini mtoto akifika hospitali akiwa hoi, darasa zima limeshaambukizana. Mtu wa kwanza kujua kwamba kuna kitu hakiko sawa si daktari. Ni mwalimu wa darasa, saa mbili asubuhi, akiona madawati matupu. Kama hana wa kumpigia simu, basi tumekuwa na kengele isiyo na kamba.

Na kamba ipo! Tangu 2023 serikali imewatuma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchi nzima, wenye mikoba yao na simu. Mtaani kwako yuko mmoja, huenda ni shangazi yako. Je, namba yake iko kwenye ofisi ya mwalimu mkuu? Iko madrasani? Kama haiko, kuiandika ukutani hakugharimu hata shilingi.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu asiyejua kinachoendelea ana dawa moja tu: kufunga. Mwaka 2020 tulifunga kila mahali, kwa muda mrefu, kwa sababu hatukuwa na jicho wala mkono. Sisemi kufunga ni kosa. Mafua yakiwa makali sana, kufunga shule mapema kwa wiki chache huokoa maisha. Lakini kuna njia zaidi ya moja. Mwaka 1918 miji mingi ya Marekani ilifunga shule, ila New York na Chicago hazikufunga. New York ilikuwa na watoto wa shule karibu milioni moja, wengi wao wakiishi vyumba vya kubanana kama vya mitaa yetu. Wakuu wa afya wakasema heri mtoto awe shuleni anakokaguliwa kuliko kurandaranda. Lakini waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa na wauguzi na wakaguzi wa afya mashuleni tangu zamani. Kila asubuhi mtoto aliangaliwa, mwenye dalili alirudishwa nyumbani, na familia yake ikafuatiliwa. Maandalizi ndiyo yaliyowapa hiari. Asiyejiandaa hana hiari.

Na kufungwa kwa shule hakuumizi watu sawasawa. Mwenye intaneti nyumbani alisoma. Wengine walikuwa na masomo ya redio kupitia KBC, kama redio ilikuwa na betri. Kule Garissa, Wajir na Mandera, kuna watoto ambao chakula cha shule ndicho mlo wa uhakika kwa siku. Shule ikifungwa, sufuria nayo imefungwa. Msichana aliyeolewa mwaka ule, kijana aliyekuwa makanga, hao si takwimu. Unawajua kwa majina. Ni wa mtaa wako.

Tuje madrasani, tusijifiche. Watoto sitini kwenye chumba kimoja, wamebanana juu ya mkeka, dirisha moja, tena limefungwa kwa sababu ya kelele za barabarani. Mafua husafiri kwa pumzi na matone. Fungua dirisha. Jioni upepo wa bahari ni wa bure, watoe barazani au chini ya mwembe. Gawa zamu mbili kama idadi ni kubwa. Na usiniambie udhu unatosha. Udhu ni twahara, maji yake yanasaidia, lakini sabuni ni sabuni. Weka kipande pale pale kwenye mfereji wa udhu.

Najua kuna atakayesema, "Ajali haina kinga, tumuachie Mungu." Kisa cha Sayyidna Umar unakijua. Alikuwa njiani kwenda Sham, akasikia tauni imeingia huko, akashauriana na masahaba, akageuza msafara. Na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu.

Na mwingine atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Kweli kabisa, na ndiyo maana naandika hapa. Maji safi na usafi ni haki yako chini ya Kifungu cha 43 cha Katiba. Elimu ya msingi na huduma ya afya kwa mtoto ni Kifungu cha 53. Hizo si hisani za mheshimiwa wakati wa kampeni. Lakini haki isiyodaiwa hulala. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeunda bodi ya usimamizi kwa kila shule ya umma, na wazazi wana wawakilishi wao ndani yake. Kuhakikisha shule ina majengo na vifaa vya kutosha ni kazi ya bodi hiyo. Unawajua waliomo katika bodi ya shule ya mdogo wako? Wengi wetu hatuwajui. Tunajua wachezaji wa Arsenal, na wale wa akiba, kuliko bodi ya shule yetu.

Basi nakupa kazi. Shule ikifunguliwa Jumatatu, chukua wenzako wawili, nendeni shule ya karibu na madrasa ya karibu. Ingieni kwa heshima, msalimieni mwalimu mkuu, msiende kama polisi. Ulizeni maswali matano:

1. Mfereji upo, unatoa maji, na una sabuni leo, sio wakati wa Korona?

2. Madirisha yanafunguka?

3. Mtoto akiwa na homa na kikohozi, anaruhusiwa kubaki nyumbani bila kuadhibiwa, na mzazi anaambiwa hivyo?

4. Watoto wengi wakikosa siku moja, mwalimu anauliza kwa nini, na anampigia nani?

5. Shule ikifungwa kesho wiki nne, masomo yatamfikiaje mtoto asiye na simu, na chakula je?

Andikeni majibu kwenye karatasi moja, mpeni mwalimu mkuu nakala, mwenyekiti wa bodi nakala. Kinachowezekana kwa mikono yenu, kifanyeni wenyewe: mfereji wa tanki ni pesa ya kuchangishana kwa jioni moja. Kinachohitaji pesa za umma, dai. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma ukiuliza: mpango wa dharura ya afya kwa shule zetu uko wapi, na umetengewa pesa gani? Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Weka nakala ya barua, hesabu siku, wakinyamaza rudi tena. Ukirudi mara ya pili uwe na wazazi kumi.

Sisi tulirudi ile shule. Tulinunua mfereji, mmoja wetu ni fundi, akaufunga kwa nusu saa. Mifagio ikatolewa. Maji ya kuunganishwa bado tunayadai, barua tumeandika. Lakini kitu kilichonifurahisha zaidi ni kidogo sana. Yule mwalimu sasa amechora mstari mmoja wa ziada kwenye daftari lake, pembeni ya jina la mtoto asiyefika. Anaandika kwa nini.

Mdogo wako yuko darasa gani? Mwalimu wake anaandika kwa nini? Jumatatu kamuulize.