Mwili si chambo



Kuna neno moja ambalo mfanyabiashara na mhubiri mkali hulisema kwa sauti moja, ijapokuwa hawajawahi kuketi meza moja. Mfanyabiashara husema: mweke msichana nusu uchi karibu na chupa, na chupa itanunuliwa. Mhubiri naye hupaza sauti: tazameni jinsi tamaa inavyowauzia watu kila kitu! Mmoja afurahi, mwingine alia, lakini wote wawili wamekwisha kukubaliana kwamba mwili huuza. Sisi twasema kwamba wote wawili wamekosea, na wanaolipa gharama ya kosa hilo ni dada zetu.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Mwaka jana tulitayarisha tamasha la kwaya ili kupata fedha za kununua kinanda. Mmoja wetu akatoa katika telefoni yake picha ya mwanamke asiyejulikana, mwenye nguo ya kubana na kifua wazi, akaiweka katikati ya bango. Jina la kwaya, tarehe na saa vikasongwa pembeni kwa herufi ndogo. Tulicheka, tukasema: hili litavuta watu. Na kweli lilivuta macho. Karibu na soko vijana walisimama mbele yake, wakasukumana viwiko. Tulipowauliza baadaye, walikumbuka vema rangi ya nguo. Siku ya tamasha hawakuijua, na mmoja wao alidhani ni tangazo la saluni. Viti vingi vilibaki vitupu, na kinanda hatujakinunua hata leo.

Kisa kimoja si ushahidi. Pengine watu hawakuja kwa sababu tunaimba vibaya. Basi tuwasikilize waliopima jambo hili kwa makini. Mwaka 2015, Robert Lull na Brad Bushman, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State huko Marekani, walikusanya pamoja majaribio 53 yaliyohusu watu karibu 8,500. Waliona kwamba bidhaa zilizotangazwa kwa picha za tamaa zilipendwa kidogo kuliko zile zilizotangazwa bila picha hizo, wala nia ya kununua haikuongezeka. Zaidi ya hayo, kadiri picha zilivyozidi ukali, ndivyo kumbukumbu ya bidhaa na nia ya kuinunua zilivyopungua. Miaka miwili baadaye John Wirtz wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake walichambua tafiti 78. Matokeo yao yanafanana na kisa cha bango letu kana kwamba walikuwapo sokoni: watu hulikumbuka tangazo lenyewe, ila jina la bidhaa hawalikumbuki kuliko kawaida. Wanaume walilipenda tangazo la namna hiyo, wanawake walilichukia, na nia ya kununua ilibaki pale pale.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Moyo wa mtu una nafasi yenye kipimo. Macho yakinaswa na paja, hakuna kinachobaki cha kusomea jina la sabuni. Picha iliyoitwa kuwa mtumishi wa bidhaa huketi katika kiti cha bwana, na bidhaa husimama mlangoni.

Tutapingwa hapa, na pingamizi si la kijinga. Mtu atasema: majaribio hufanyika katika chumba cha chuo, kumbe biashara hufanyika sokoni. Atatukumbusha sabuni ya Woodbury ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1911 ilitangazwa kwa ahadi ya ngozi ambayo mtu angependa kuigusa, ikauzwa kwa wingi. Naam, iliuzwa. Lakini tangazo lile lilimweleza mnunuzi pia jinsi ya kunawa na kutunza ngozi yake, na sabuni ni kitu cha ngozi kwelikweli. Tunakubali kwamba manukato, sabuni na mavazi vina undugu fulani na uzuri wa mwili. Ila bia ina undugu gani na mapaja ya msichana? Saruji je? Kadi za telefoni? Mbona duka la nguo la Abercrombie & Fitch, lililojulikana kwa vijana wake wa kifua wazi, lilitangaza mwaka 2015 kwamba linaacha picha za namna hiyo? Wafanyabiashara hawaachi kwa urahisi kile kinachowajazia sanduku.

Kwa nini basi mabango hayo hayaishi katika miji yetu? Sisi twadhani ni kwa sababu mchoraji wa bango hauzi bia, anauza bango. Mteja wake ni mwenye kampuni, si mnywaji. Mwenye kampuni akiona watu wamesimama na kutazama, huridhika na kulipa, wala hakuna anayehesabu chupa zilizouzwa kwa ajili ya picha ile peke yake.

Lakini tufike mahali pagumu zaidi, maana baadhi yetu wangependa kufunga mjadala hapa kwa ushindi: haiuzi, basi waiache. Ndugu, na kama ingeuza? Kesho akitokea mtaalamu na kuthibitisha kwamba picha moja ya mwili huongeza mauzo maradufu, je, sisi tutanyamaza? Anayesema uzinzi ni mbaya kwa sababu hauleti faida atauita mwema siku utakapoleta faida. Hesabu za Ohio na Illinois zinamvua mfanyabiashara kisingizio chake. Haziwezi kuwa msingi wa nyumba yetu.

Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya maadili katika matangazo. Haikulaani biashara, wala haikusema kutangaza ni dhambi. Iliweka mambo matatu: ukweli, heshima ya mtu, na wajibu kwa jamii. Pimeni bango lolote la barabara yenu kwa mambo hayo matatu. Ukweli: je, bia huleta msichana? Heshima: yule aliyechorwa ana jina, ana mama, ana neno la kusema, au ni kiuno tu? Wajibu: binti wa miaka kumi na miwili apitaye hapo kila asubuhi akienda shule ajifunza nini juu ya rangi ya ngozi yake na umbo lake? Tunawajua wenzetu waliochoma nyuso zao kwa krimu ili kumfuata mwanamke wa karatasi.

Jambo hili tulilijua kwa uchungu katika mkutano wetu baada ya tamasha. Wavulana walibishana kuhusu herufi ndogo na mahali pa kubandika. Ndipo dada mmoja wa sauti ya pili, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza: "Na kama ile picha ingekuwa yangu, mngeibandika?" Wote tukasema hapana, upesi sana. Akauliza tena: "Basi yule mwingine ni dada ya nani?" Hakuna aliyejibu. Kaka aliyeitoa picha alikwenda jioni ile ile kubandua mabango yaliyobaki, na wawili wetu tulimshikia ngazi.

Mwaka huu tunaimba tena kwa ajili ya kinanda. Bango ameliandika dada yule kwa mkono wake: jina la kwaya kwa herufi kubwa, siku, saa, mahali, bei ya kiti, na chini kabisa, nyimbo zitakazoimbwa.