Uzi Mbovu Huanzia Kwenye Gunia

Pita Sondu siku ya soko uone vijana wanavyopekua mitumba. Huyu anavuta kola, yule anakagua mshono, mwingine anarudisha fulana yenye vifundo. Kwa nguo tuko macho. Lakini pamba ya kaunti zetu, Kisumu na Homa Bay, mara nyingi inashindiliwa kwenye gunia bila kuchaguliwa.

Kiwandani hakuna kujificha. Nyuzi fupi hazishikani vizuri zikisokotwa, kwa hivyo uzi unakatika na mashine inasimama. Pamba isiyokomaa hujikunja vifundo na hainywi rangi sawasawa. Kipande cha gunia la nailoni kikiingia humo, hutokea kwenye kitambaa kama mstari uliokataa rangi. Msokotaji hupanga marobota kwa urefu na uimara wa nyuzi, kisha huyachanganya kwa kipimo ili uzi utoke sawa. Robota lililochanganywa ovyo tangu shambani, atalipanga vipi?

Kiwanda cha KICOMI kilifungwa Kisumu miaka ya 1990, na hadi leo lawama zetu zote ni kwa mitumba. Tukitaka viwanda virudi, tuanze na gunia. Mkulima achume kwa mfuko wa kitambaa, atenge daraja la A na la B. Mnunuzi naye alipe kwa tofauti hiyo. Bei ikiwa moja, nani atakesha akichagua pamba? Usafi usiolipwa ni kazi ya bure, na vijana hawarudi shambani kufanya kazi ya bure.